Marehemu wa Dirisha la Tatu

Jumanne saa mbili asubuhi, Rowaida alifika kwenye ofisi ya orodha mjini Marawi, kusini mwa Ufilipino, akiwa na bakuli la wali wa manjano na mwanawe Nashif, aliyekuwa amekufa miaka mitano iliyopita. Askari wa getini alimpekua mama, kisha akaingiza mkono kwenye tundu la kifuani mwa kijana, akapapasa, hakukuta silaha, akawaruhusu wapite.

Kwenye dirisha la tatu alikaa karani Saripada. Walikuwa wamezoeana tangu Ramadhani.

"Kijana, sogea pembeni. Upepo unaopita hapo kwako unanipeperushia karatasi."

"Samahani, bosi. Walionitoboa hawakuniachia kizibo."

Orodha ilikuwa ya magaidi waliouawa vitani. Nashif alikuwa namba 211. Alipokuwa hai alioka mikate. Wenye bendera nyeusi walipoingia mjini, kuja kuwafundisha dini watu waliozaliwa nayo, aliwafunika shungi za mama yake wanawake watatu Wakristo aliofanya nao kazi, akawapitisha darajani. Alipoulizwa, alisema ni dada zake. Wanawake wakavuka. Kisha mmoja wa wale wenye bunduki akakumbuka kwamba Nashif hana dada. Wakampiga risasi palepale, wakimwita kafiri, wakautupa mwili wake mlangoni mwa nyumba waliyojificha. Halafu ndege za serikali zikaja, zikaulaza mtaa mzima chini. Hesabu ilikuwa rahisi: mwanamume, kijana, kifusi kimoja na magaidi.

Wale wanawake waliandika barua. Barua zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikawekwa.

Aliyemo kwenye orodha haruhusiwi kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo wake. Kwa hiyo Nashif alilala kwenye mkeka katika kibanda cha wakimbizi, akilalamikia joto la mabati.

Siku hiyo Rowaida hakuleta karatasi. Alileta salsila, mnyororo wa mababu. Kwa Wamaranao, kabila la mji huo wa ziwani, koo mbili zenye ugomvi hutajiana nasaba kwenda juu mpaka zikutane, na zikikutana ugomvi umekwisha. Aliweka bakuli chini, akaanza. Alipanda kizazi baada ya kizazi, na kwenye cha tisa akamtaja Maimona wa ng'ambo ya ziwa.

Saripada akainuka. "Huyo ni bibi yetu!"

Akazunguka meza, akaubusu mkono wa Rowaida, akamwita shangazi. Akalia. Akala wali. Akampa Nashif kiti chake mwenyewe. "Kaa, binamu."

Kisha akachomeka kalamu mfukoni.

"Shangazi, sasa siwezi kusaini. Karani haruhusiwi kumfuta ndugu yake."

"Dirisha la nne je?"

"Yule mdogo wangu, tumbo moja."

"La kwanza?"

"Mji mzima huu ni wa Maimona, shangazi. Labda wakubwa wa serikali, kule Manila."

"Wa Manila wanamjua mwanangu?"

"Wanaijua namba yake."

Nashif akacheka mpaka tundu likapiga mluzi. "Mama, umenipatia ukoo mzima, na shimo la futi sita umelikosa!"

"Nyamaza wewe." Rowaida akamgeukia karani. "Waliomuua walimwita kafiri. Nyinyi mnamwita gaidi. Mtu alikuwa mwokaji! Mwokaji, Saripada. Mnashindwa nini kuandika?"

"Fomu haina nafasi hiyo, shangazi."

"Na hao wenye ndege walipodondosha mabomu, walijaza fomu gani?"

Watu wa foleni wakasogea hatua moja mbele.

Wiki iliyofuata Manila ilileta orodha mpya ya magaidi, karatasi ndefu yenye chapa safi, ya kubandikwa ukutani. Ngazi haikuwapo. Nashif, ambaye ni mrefu, aliombwa ashike pembe za juu wakati binamu yake akigongomea misumari. Alizishika.

Rowaida alisimama nyuma yao, akateremsha kidole hewani hadi namba 211, akasoma herufi moja moja. Jina la mwanawe lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa.