Umbali Uliobaki Kariakoo

Alasiri ile Najma alikuwa barazani akikaanga kachori, na mama yake, Bi Waridi, alikuwa dirishani ghorofani ng'ambo ya mtaa, akimwambia bila kupaza sauti kwamba mafuta yamepata moto kupita kiasi. Mtaa wao wa Kariakoo ulikuwa mwembamba kiasi hicho. Najma alikuwa na mimba yake ya kwanza. Bi Waridi alikuwa amekaa eda ya mumewe na hakutoka nje. Walishakubaliana kwamba eda ikiisha angevuka, akae kwa bintiye na kumlea siku arobaini za uzazi.

Ndipo akaja Elimringi, ofisa wa mradi wa Upeo. Upeo ni mji mpya, uko mbali, huko njia ya Kisarawe, na mabango yake yanasema ni dakika kumi kutoka Kariakoo. Elimringi aliwaeleza wakazi kwa upole kwamba barabara ya mabasi imekamilika na umbali umeondolewa kama ilivyoahidiwa. Ila umbali hautupwi hovyo, lazima uwe na pa kukaa. Aliuliza kama mtaa huu ungeupokea kwa muda.

Walishampa kiti na kachori. Ilikuwa vigumu kumkatalia mtu anayekula kwako.

"Karibu tu," alisema Haruna, mume wa Najma. Wengine nao wakasema karibu.

Asubuhi umbali ulikuwa umeshawekwa. Kwa macho mtaa haukubadilika. Kutoka barazani Najma aliendelea kusoma kibao cha duka la vyombo la Kalpesh, chini ya dirisha la mama yake, ila sauti ya mama haikufika tena. Haruna alivuka kwenda kununua sufuria, akarudi kesho yake jioni na vumbi hadi magotini.

"Katikati kuna jua kali," alisema. "Ukienda, beba maji."

Wamachinga waligundua nafasi ile mapema kuliko wote, wakatandika maturubai. Bodaboda waliacha kuvusha watu, kwa sababu abiria walilipa nauli ya kuvuka mtaa wakati mafuta yaliyotumika yalikuwa ya kufika Kisarawe.

Eda iliisha. Bi Waridi alioga, akavaa gauni la rangi, akafunga furushi lake na kushuka. Basi la Upeo lilikuwa na kituo mlangoni kwa Kalpesh likienda, na barazani kwa Najma likirudi. Alijipanga foleni, azunguke nalo hadi Upeo na kurudi.

"Shikamoo mama. Kadi ya mkazi?" aliuliza kondakta, msichana mwenye sare safi.

"Marahaba mwanangu. Sina. Naenda pale tu, kwa binti yangu. Si unamwona?"

"Namwona mama. Ana tumbo kubwa. Lakini basi hili ni la wakazi wa Upeo."

"Basi nitatembea."

Kalpesh alitoka dukani na chupa mpya ya chai, ameshaijaza. "Utanirudishia, Bi Waridi."

"Sidhani kama nitarudi, Kalpesh."

"Mpe mjukuu, basi."

Akaanza safari. Najma alimwona wazi kabisa, hata maua ya gauni lake, akitembea na kutembea. Jioni alimpigia simu.

"Umefika wapi, mama?"

"Nipo kwa wauza soksi. Wananing'ang'ania. Nimewaambia mimi mtu wa kandambili."

"Mguu je?"

"Mguu upo. Wewe kula."

Kabla hajafika, Awamu ya Pili ya Upeo ilifunguliwa, mbali zaidi ya ile ya kwanza, nayo ikawa dakika kumi kutoka Kariakoo. Elimringi alirudi, akapewa kiti kama kawaida.

"Mama yangu yumo humo ndani," Najma alimwambia.

Elimringi alitazama, akamwona, akampungia mkono kwa heshima. "Huyu tayari yuko njiani," alisema. "Wengi hata hawajaanza." Alisema kwa moyo mweupe. Usiku huo umbali uliongezwa.

Najma alijifungua mtoto wa kike. Majirani walileta uji kwa zamu, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Siku ya arobaini alimtoa mtoto nje, akamwinua kuelekea kwa bibi yake. Bi Waridi alishusha furushi kichwani, akatazama kwa muda mrefu, akalibeba tena. Mwaka ule zikafunguliwa Awamu ya Tatu na ya Nne. Watu wa mtaani walizoea kumwona. Wauza mabegi walimwekea kigoda. Najma alikaanga kachori akiwa amegeukia mtaani, na hakulia, kwa kuwa hapakuwa na siku moja ambayo angeweza kusema ndiyo ya kulilia.

Bi Waridi alifika asubuhi moja ya Jumamosi. Mtoto alikuwa anatembea. Alisimama mlangoni akamkodolea macho mgeni. Bi Waridi alimbusu, akatua furushi, akauliza kama kuna maji ya moto. Kisha akatandika mkeka.

"Lala nikukande."

"Mama, ilishapita hiyo."

"Lala."

Najma akalala. Mama yake akaanza na tumbo, akilikanda kwa nguvu ileile ambayo angeitumia siku ya kwanza, na nje basi likashusha watu wa Upeo waliokuja mara moja kununua vitunguu.