Daraja la Vyura

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, pale wakubwa walipofanya jambo ambalo fundi baiskeli hakulitarajia kabisa: walimuuliza.

Kwa miaka sita, tangu lori limgonge mkewe akivuka barabara kuu kwenda zahanati, fundi alikuwa na wimbo mmoja. Wakubwa hawaulizi watu. Wanachora wakiwa kwenye viti vinavyozunguka, na vichwa navyo vinazunguka. Aliuimba kwa kila aliyeleta tairi, hadi wengine wakaona nafuu kutembea na pancha zao.

Na barabara ilikuwa haijashiba. Binti yake, pekee aliyebaki naye nyumbani, alifanya usafi katika zahanati ileile, akivuka asubuhi na jioni. Fundi alitaka daraja la waenda kwa miguu, basi.

Jumanne hiyo wakatandika ramani pana kama shuka juu ya meza ya ukumbi. Mpangaji miji, dada mpole mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, akampa pini nyekundu.

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyelilia daraja hili. Tuoneshe watu wanavukia wapi."

Hapo ndipo angesema, "Mwanangu, ramani siijui." Maneno matatu tu. Lakini mtu aliyewasema wasomi miaka sita atawaambiaje kwamba hata picha yao inamshinda? Akakohoa. Akafumba jicho moja, kama anavyofanya akinyoosha rimu. Akaona mstari wa buluu, mnene kuliko mistari yote. Katika maisha yake hakuna kilichokuwa kinene kuliko ile barabara. Akachoma pini.

"Una uhakika, mzee?"

"Nimepoteza mke hapo, mwanangu. Uhakika gani tena?"

Nani abishane na mgane? Wakatia sahihi, yeye akatia dole gumba, kwa mbwembwe.

Baada ya mwaka daraja likasimama: ngazi pande mbili, vyuma vya kijani, hata taa. Lilivuka mtaro wa maji ya mvua, ulio ng'ambo ya barabara, ambao mbuzi huuruka bila kuacha kutafuna. Na kulifikia, lazima kwanza uvuke barabara.

"Baba," binti alimwambia wakila, "vyura wanakusalimu. Wanasema hawajawahi kupata mtetezi kama wewe."

"Kula, mama."

"Wanauliza utagombea lini."

Fundi akacheka, sauti kama pampu iliyotoboka. "Wakubwa wamenifanyia ujinga mwingi," akasema, "lakini wa saizi hii imebidi niufanye mwenyewe."

Binti hakutania tena. Akanyoosha mguu, akaonesha kifundo kilichochubuka. "Jana pikipiki ilipita na kandambili yangu. Ingekuwa hatua moja mbele, baba, leo ungekula peke yako."

Kesho yake fundi hakufungua kibanda. Alikwenda ofisini, akaketi kwenye kiti kisichozunguka. Mpangaji akamfungulia faili taratibu, kwa huruma.

"Mzee wangu, pini ni yako. Na dole gumba ni lako."

"Ni langu. Andika kabisa: mjinga, darasa la tatu, alilikimbia kabla ya kengele. Sibishi."

"Sasa hapo ofisi ifanyeje?"

Fundi alifikicha kofia yake magotini. Aliwakumbuka wapimaji: walikuja mara tatu, na vyombo vyao vya miguu mitatu mabegani, na yeye akawapungia mkono kutoka kibandani, roho kwatu, akijua ni daraja lake linapimwa. Mbele ya mpangaji na mhandisi aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akauliza:

"Siku zile mlipokuja kuupima mtaro, mwanangu, barabara mliivukaje?"