Mdomo wa Chuma

Kwenye mabango ya filamu zake zote, chini ya jina lake la kazi, huandikwa maneno mawili: HATUMII MBADALA. Jina lenyewe la kazi ni Chuma. Alipewa ujanani na muuza tiketi mmoja aliyemwona akianguka kutoka juu ya lori linalokwenda, kisha akainuka na kujipangusa vumbi, na tangu hapo jina limemganda. Siku hizi Chuma ana magoti yanayolia akipanda ngazi, ana miwani ya kusomea anayoificha mfukoni watu wakija, na ana mgongo ambao kila asubuhi lazima ubembelezwe kabla haujakubali avae soksi. Lakini kuruka, anaruka mwenyewe. Hilo hakuna wa kumnyang'anya, na yeye hachoki kulitangaza, hata kwa watu ambao hawajamuuliza. Daktari wake wa meno analijua. Fundi bomba analijua pia.

Mbadala, yaani mtu wa kuruka na kuanguka badala yake, anaye, kwa sababu watu wa bima wanataka awepo. Ni mwanamume wa umri wake, umbo lile lile, nywele zile zile, na kila mtu humwita Pacha. Kazi ya Pacha miaka yote imekuwa kuvaa nguo kama za Chuma, kukaa kwenye kiti cha kukunja na kunywa chai.

"Leo umefanya kazi nzito," Chuma humwambia jioni.

"Kiti kilikuwa kigumu, kaka," Pacha hujibu.

Mambo yalianza kuharibika pale mwongozaji wa filamu mpya, mama mmoja mfupi asiyepandisha sauti hata akikasirika, alipoamua kuipiga kwa kamera ya ukanda mpana, ile ambayo picha yake huonyeshwa kwenye skrini ndefu kama nyumba ya ghorofa. Wafanyakazi waliiita Jokofu. Ilibebwa na watu wanne wakigombana, na ikiwashwa ilinguruma kama mashine ya kusaga nafaka, kiasi kwamba hakukuwa na maana ya kurekodi sauti. Maneno yote yangepachikwa baadaye studioni. Lakini ilichokiona, ilikiona.

"Hii inaona mpaka ulichoota jana," mpigapicha alimwonya.

Chuma akaenda kupunguza nywele za pua, akarudi akijiona yuko tayari.

Mruko wenyewe ulikuwa wa kutoka paa la jengo moja hadi la jengo la pili, juu ya uchochoro, waya mwembamba ukiwa umefungwa kwenye mkanda chini ya shati lake. Jokofu lilining'inizwa kwenye kreni mbele yake, limkodolee uso tangu anapoanza kukimbia mpaka anapotua, bila kukata. Hakuna pa kumficha mbadala hapo, na ndiyo sababu walimtaka yeye. Chuma alikimbia, akaruka, akatua, akajipangusa vumbi. Watu wakapiga makofi. Pacha akainua kikombe.

Ukanda uliporudi kutoka maabara, wakuu wa kazi waliketi kwenye ukumbi wa majaribio kuutazama. Uso wa Chuma ulijaa ukuta mzima. Hakuwahi kujiona hivyo. Kwenye tundu moja la pua mtu angeweza kuegesha pikipiki. Alijiona akikimbia, vizuri tu. Akajiona akifika ukingoni. Hapo macho yakafumba kwa nguvu kama ya mtoto anayesubiri sindano, na midomo, kila mmoja mrefu kama kochi, ikakutana, ikaachana, ikakutana tena, ikaachana.

Mpambaji, dada aliyempaka poda asubuhi ile, alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Ulisema nini pale?" mwongozaji aliuliza.

"Nilisema 'sawa'," Chuma alijibu.

Fundi sauti, ambaye riziki yake ilikuwa kupachika maneno kwenye midomo ya watu, alitikisa kichwa. "Sawa haifungi midomo, mzee. Hapo imefunga mara mbili. Lazima neno liwe na m, au b, au p."

"Basi nilisema 'bamba'."

"Umbambe nani?"

"Adui. Nilikuwa namtishia."

"Adui yuko nyuma yako," mwongozaji alisema kwa upole. "Ndiye unayemkimbia. Hebu rudisha pale."

Walirudisha. Kwa kuwa hakukuwa na sauti, kila mmoja ukumbini alijikuta akiichezesha midomo yake taratibu pamoja na ile ya ukutani, na kila mmoja akafika pale pale.

"Anasema 'Mama'," mpambaji alisema, halafu akatamani asingesema.

Chuma alicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mtu anayetaka wenzake wacheke naye ili yaishe. Hayakuisha. Mwongozaji alimwambia bayana: huyu mtu wa kwenye hadithi hajui woga, na watazamaji hawawezi kumwona anamwita mama yake kwa mdomo wa ukubwa ule. Watarudia mruko mara moja tu, kabla kreni haijaondolewa. Mdomo ukifunguka tena, ataruka Pacha, na uso wa Chuma utabandikwa juu yake kwa kompyuta.

Jioni ile, chumbani kwake, Chuma alivaa miwani na kufungua filamu zake za zamani. Humo uso wake ulikuwa mdogo kama kidole gumba, na vumbi lilikuwa jingi, lakini sasa alijua anatafuta nini. Gari linatumbukia mtoni: Mama. Anatupwa dirishani: Mama. Juu ya treni ilikuwa Mama wee, na "wee" yake kamili. Kumbe ndicho kile ambacho magazeti yalikiita kimdomo chake cha dharau mbele ya kifo. Watoto walikuwa wakikiiga shuleni. Mwandishi mmoja alikiandikia ukurasa mzima. Chuma alicheka peke yake mpaka akashika mbavu.

Kisha kicheko kikamwisha. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa kuigiza. Katika filamu moja ambamo alimzika mke, mhakiki aliandika kwamba mjane huyo alionekana kama mtu aliyesahau alipoegesha gari. Alichokuwa nacho ni kuruka, na yale maneno mawili kwenye bango. Pacha akiruka hata mara moja, maneno yale yanakuwa uongo, na Chuma anabaki mzee mwenye magoti mabovu aliyezoea kujisifu kwa fundi bomba.

Basi akaanza mazoezi. Alisimama kitandani, akabana njiti ya kiberiti midomoni, akajirusha sakafuni. Njiti akaiokota chini ya kabati. Akajaza maji mdomoni akajirusha tena, na zulia likapata taabu. Kila alipoondoka kitandani, neno lile lilimtoka kabla hajajua. Mwishowe aliketi ukingoni mwa kitanda, soksi zimelowa, akampigia mama yake.

Mama yake aliishi na dada yake Chuma. Hakuwahi kutazama filamu ya mwanawe hadi mwisho. Ile ya kwanza aliinuka katikati, gari lilipoacha barabara, na hakurudi ukumbini tena. Jambo hilo lilimuuma Chuma, na kwa kuwa yeye ni Chuma, hakuwahi kulisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Sasa umepiga simu ya nini?"

"Nataka kukuuliza kitu. Nilipokuwa mdogo, nikiogopa, nilikuwa nafanyaje?"

"Ulikuwa unaniita," mama alisema bila hata kufikiri. "Mama, mama, mama, hata nikiwa nimekushika mkono. Nikikuitikia 'abee' unafunga mdomo, umeridhika, unaendelea na mambo yako. Nisipoitika, mtaa mzima unajua."

"Na ulikuwa unaitika kila mara?"

"Sasa nani angeitika, jirani?" Kisha akarudia swali lake. "Umeumia wapi, mwanangu?"

"Sijaumia, mama. Lala salama."

Siku ya kurudia, Chuma alijikaza kisabuni. Alibana meno mpaka taya zikauma, akakodoa macho mpaka yakatoa machozi, akakimbia, akaruka. Mdomo haukufunguka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliiona hewa aliyokuwa akiipita na uchochoro ule mwembamba chini ya viatu vyake, na akagundua kwamba alikuwa na haki kabisa ya kufumba macho miaka yote hiyo. Alitua. Akajipangusa vumbi. Pacha akainua kikombe.

Waliitazama miruko yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Wa pili ulikuwa safi, macho wazi, mdomo umefungwa, uso wa sanamu.

"Kama mtu anayesubiri lifti," mwongozaji alisema. Aliegemea kiti, akakuna kidevu. "Sikiliza. Nilisema lazima mdomo ufungwe, na umeufunga. Lakini sasa nikiziona picha zote mbili pamoja, sina uhakika tena. Uso ni wako. Uamuzi nakuachia wewe."

Chuma alikuwa na jibu tayari mdomoni. Wa pili, ni wazi, nani angeuliza. Ila alimwona Pacha amekaa pembeni na kikombe chake, akamgeukia, pengine kwa kutaka tu kuungwa mkono.

"Wewe unasemaje?"

Pacha hakuzoea kuulizwa. "Ya pili ni nzuri, kaka. Hata mimi ningeifanya vile vile."

"Si ndiyo?"

"Ndiyo hivyo sasa. Mtu akiiona hiyo, atasema ni mimi nimeruka, wewe umebandikwa uso. Ile ya kwanza nani atasema ni mimi? Mimi nikiogopa huwa nacheka."

Mdomo ambao Chuma aliuonea aibu ndio uliokuwa ushahidi wake pekee kwamba ameruka mwenyewe. Aliwawaza wale watoto wa shule. Aliiwaza mizaha itakayotengenezwa mitandaoni, na jinsi fundi bomba atakavyomtazama.

"Weka ya kwanza," alisema, akatoka haraka kabla hajaghairi. Huko nje alimpigia dada yake, akamwomba amlete mama kwenye onyesho la kwanza, hata kwa kumdanganya.

Mama alikuja. Aliketi kando ya mwanawe na mkoba wake mkubwa, na kila mara mtu kwenye skrini alipokaribia kitu kirefu, aliuinua mkoba na kujifunika macho. Nusu ya filamu aliitumia kutazama mshono wa mkoba. Paa lile lilipotokea, Chuma alimwinamia.

"Mama, fungua macho. Hapa tu."

"Unaanguka?"

"Naruka."

"Ni kitu kile kile."

Lakini aliushusha mkoba. Ukutani uso wa mwanawe ulikuwa mrefu kuliko nyumba aliyomlelea. Ulikimbia, ukafika ukingoni, na hapo mwongozaji alikuwa ameondoa sauti yote, muziki, upepo na viatu. Macho yakafumba. Midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana, ikaachana.

Nyuma yao mtu aliguna. Mwingine akaanza kucheka, kile kicheko ambacho Chuma alikuwa akikisubiri kwa majuma mengi, na masikio yakamwaka moto. Alijiambia kwamba amejitakia mwenyewe. Akajiandaa kucheka nao, kama kawaida yake, ili yaishe.

"Abee," mama aliitika.

Aliitika kwa sauti ya mtu aliye jikoni anayetaka asikike mpaka uani. Hakuwa na habari na watu waliomzunguka. Alikuwa ameitwa.

Ukumbi ukanyamaza. Juu kule midomo ikafunga, macho yakafunguka, na mwanamume yule akavuka hewa iliyobaki bila neno jingine, akatua.

Mama aliupakata tena mkoba. Hakuyatoa macho yake kwenye skrini mpaka alipohakikisha mtu wake ameinuka na anajipangusa vumbi. Ndipo akamgeukia wa pembeni.

"Umeumia wapi?" alinong'ona.

Miaka yote hiyo Chuma hakuwahi kulijibu swali hilo kwa ukweli.

"Goti," alisema. "Na mgongo, mama. Sana."

Mama akaweka mkono juu ya goti lile, na wakaitazama filamu iliyobaki.