Mji Usio na Fundi

Cherehani ilikuwa ikilia chumba cha mbele, tak-tak-tak, kwa mwendo wa mtu anayepiga mshono mrefu na hana haraka. Kisha ikanyamaza katikati ya mshono. Kijana aliyekuwa amejifunika shuka gubigubi akafumbua macho. Nyumba ile cherehani haikunyamaza katikati ya mshono ila mama yake alipokuwa na neno, na mama yake alikuwa fundi asiyepoteza uzi wala neno.

"Sindano, amka. Leo tunakwenda kuutazama huo mji wako wa pili."

Sindano ndilo jina alilopachikwa tangu utotoni, kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali asomee usanifu wa majengo, naye alipaswa kukijibu kimoja kabla ya wiki kwisha. Masomo hayakutofautiana. Kilichotofautiana ni mji unaokizunguka kila chuo.

Cha kwanza kilikuwa kwenye jiji kubwa, na huko walikwenda wiki iliyotangulia. Mjomba wake, anayeishi huko, aliwatembeza kifua mbele kana kwamba barabara zote amezitandika yeye. "Hapa kila kitu kipo, mjomba," alimwambia Sindano. "Utalala sebuleni kwangu, utakula mezani kwangu, na wageni wakija nitawaambia, huyu msomi mnayemwona ni kazi ya mikono yangu." Mama alifurahi mno. Alitazama wapita njia, akaona suruali zimekaa sawasawa na kola zimesimama, akasema jiji lenye mafundi kama hao haliwezi kumharibia mtoto.

Sindano alipiga hesabu yake. Alikuwa ameliona lile kochi la sebuleni, na miaka yote ya kushukuru kila anapoinua kijiko. Kabla ya kuondoka aliingia kwa fundi mmoja kuuliza kazi ya kushona jioni, kwa kuwa mama alikuwa amemfundisha ufundi wake. Yule fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. "Ndugu yangu, hapa mafundi tunakanyagana. Ukipata nguo ya kushona, nishtue na mimi."

Sindano akatoka. Alitaka kusoma akijilisha kwa mikono yake mwenyewe. Asipopata hilo, alijijua: kiburi chake kingemrudisha nyumbani hata mwaka haujaisha.

Lakini mama naye alikuwa amekula yamini. Siku mwanawe atakapoingia chuo, ndiyo siku kijana atakayoacha kushona na kuinuka kwenye kigoda cha cherehani asikikalie tena. Na hoja yake aliitoa ukutani, pale mkasi wake mkubwa ulipotundikwa. Mkasi ule haukuruhusiwa kukata karatasi; karatasi hula makali, na mkasi ukishazoea karatasi hauna tena adabu kwenye kitambaa. Sindano aliwahi kuukatia picha ya gazeti alipokuwa mdogo, na sikio lake la kushoto halijasahau. "Na wewe ni hivyo hivyo," mama alipenda kusema. "Ama kitambaa cha fundi, ama karatasi za chuo. Ukishika vyote viwili utakuwa butu."

Basi liliwashusha katika mji wa pili, mbele ya duka la mikate. Mtaa ulipanda kilima taratibu, varanda zimefagiliwa, baiskeli zimeegemezwa ukutani bila kufuli, na juu kabisa lilionekana geti la chuo. Mama hakulitazama geti. Macho yake yalikuwa chini, kwenye pindo za watu, na kadiri walivyopanda ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Umeiona sketi ile? Imeshikizwa kwa pini ya nepi."

"Mama, sema polepole."

"Na yule bwana, zipu yake kaifunga kwa waya. Waya, Sindano. Kama uzio wa kuku."

"Labda ni mtindo."

"Mtindo wa kwenu. Mji huu hauna fundi. Mji usio na fundi, mwanangu, ni mji usiojitazama kwenye kioo."

Mbele yao alipita mzee mmoja mrefu, amekumbatia vitabu, suruali yake ikiburuta. Mama akaanza kumfuata. Mzee akakata kona, mama naye akakata. Hatimaye mzee aligeuka.

"Dada yangu, nimedondosha kitu?"

"Hujadondosha, unadondoka," mama akajibu. "Pindo la kushoto limefumuka. La kulia sijui umelipaka nini."

"Gundi ya vitabu," mzee akasema, wala hakuona haya. "Mimi ni mkutubi wa chuo, ndiyo niliyo nayo. Fundi wetu kazeeka, kahamia kwa binti yake. Tangu hapo kila mtu anajishikiza ajuavyo. Nguo za maana tunazipakia kwenye lori la maziwa ziende mji wa jirani, na zinarudi zinanuka mtindi."

Hapo mama akafanya kosa. Kule nyumbani alikoshonea, kazi ilikuwa na njia yake: yeye aliona kasoro, akavuta sindano yenye uzi kutoka kwenye kola yake, akaikabidhi bila kutazama, na mwanawe akaipokea akiwa tayari amepiga goti. Ndivyo walivyofanya maisha yao yote.

"Sindano, pindo," akasema, mkono ukiwa umeshanyooka.

Na Sindano alikuwa ameshapiga goti, pale pale mbele ya geti la chuo.

Mshono haujafungwa, akatokea mwoka mikate na aproni yenye mfuko uliochanika. Wakaja wanafunzi, mmoja na mkoba uliokatika mkanda, mwingine na kola iliyogeuka nje. Mkutubi akaleta benchi na maji ya kunywa. "Unasomea nini, kijana?" akauliza, na alipojibiwa alimwonyesha jengo la maktaba, jinsi paa lake lilivyoinuliwa upande mmoja ili mwanga wa asubuhi uingie bila jua. Wakabishana juu ya paa lile, Sindano akiwa na uzi mdomoni. Kisha mzee akanyoosha kidole kwenye kibanda kilichofungwa ng'ambo ya barabara. "Fundi wetu alishonea pale. Hakuna aliyekitaka."

Mama alikaa pembeni, akiwatazama waliozidi kuja. Neno lilimtoka walipokuwa ndani ya basi la kurudi.

"Nimekuleta uone chuo, wewe ukaishia miguuni pa watu."

"Sindano ulinipa wewe, mama."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka puani. "Mkono ulijiendea wenyewe, nao. Lakini mji ule, baba, hauna fundi."

"Ndiyo maana nautaka."

Mama akamgeukia.

"Kule kwa mjomba nitakuwa mtoto wa kochi," Sindano akaendelea. "Jiji zima halikunitazama usoni. Huku tulikotoka, kabla hata sijakata kiu, watu walishajua naitwa nani na nasomea nini. Sioni haya kupiga goti, mama, nikiinuka na changu mkononi."

"Na watakapokuletea nguo wakati wa mtihani? Mtu mwenye harusi hajali mtihani wako."

"Nitakataa."

"Wewe? Katika maisha yako hujamkatalia mtu ila mimi."

Hakuwa na jibu la haraka, na hilo lilimuuma, kwa kuwa majibu ya haraka ndiyo yaliyokuwa mali yake. Alitazama nje ya dirisha mpaka mji wao ukatokea.

Nyumbani mama hakuvua hata viatu. Aliketi kwenye cherehani, akamalizia ule mshono alioukatiza asubuhi, akafunga uzi. Kisha akainuka, akautungua mkasi ukutani na kuuviringisha ndani ya kipande cha flaneli.

"Kule hakuna wa kuunoa. Ukifa makali, umekufa."

Sindano aliupokea kwa mikono miwili. Safari hii alikuwa ameshalipata jibu lake.

"Nakuahidi, mama. Mkasi huu hautakata karatasi hata moja, na karatasi zangu za chuo hazitakatwa na mkasi huu."