Hatua Nne za Chupa ya Tatu

Mlango wa chumba cha giza ulikuwa na karatasi ya wino mwekundu: SIMU HAIINGII, HATA YA MKUBWA. Aliyeiandika ni Mama Chujio, kwa mkono wake mwenyewe, na aliwahi kumtoa nje mkurugenzi mzimamzima kwa sababu mfuko wake ulilia. Basi ndiyo maana mchana huu alikuwa anazungusha kijiko kwenye sahani kama mtu anayetafuta sindano. Mkuki kwa nguruwe.

Miaka ishirini na miwili amechuja maji ya bahari katika maabara ile, mpaka jina la kuzaliwa likasahaulika. Zamani mwanawe wa kiume alikuwa akimletea chakula. Siku moja akaleta chakula, akaondoka na mchumba. Mchumba huyo sasa ni mke, mama wa mtoto wa mwaka mmoja, na mkuu wa utafiti. Wakwe hawa wawili waliwekeana mkataba: nyumbani ni "Mama" na "mwanangu", ukivuka kizingiti cha kazini ni "Fundi" na "Daktari". Hawajawahi kuuvunja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupeleleza viumbe wasioonekana. Tone moja la maji ya bahari lina maelfu yao, wa kijani, wanaojipikia chakula kwa mwanga kama majani ya mti. Kila mmoja ana jeni za kazi hiyo, na jeni ikitaka mapishi yaanze hutoa ujumbe, kama bosi anayetuma vikaratasi jikoni. Daktari hakuhesabu wapishi, alihesabu vikaratasi. Alitaka kujua jambo moja tu: ukiwafungia gizani, huko nje kukicha watajua?

Basi Jumanne waliweka chupa nne chini ya kitambaa cheusi, maji ya sehemu nne za bahari. Kila saa Mama Chujio aliingia na kitaa hafifu cha kijani, akavuta maji, akayachuja, akalitumbukiza chujio kwenye baridi kali kabla vikaratasi havijachakaa.

Leo Ijumaa majibu yametoka. Chupa ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne ndiyo kabisa, imelala fofofo. Ya tatu, kwenye maji yaliyovutwa Jumanne saa sita mchana, ujumbe umeruka ukawa mara tisa.

"Ni maji ya kina kirefu yale," Daktari alisema asubuhi, miguu haigusi sakafu. "Viumbe wa kina wana saa mwilini, Fundi. Jioni natuma taarifa. Wakiikubali, ajira yangu inakuwa ya kudumu."

"Hongera, Daktari," Mama Chujio akasema, bila kumtazama usoni.

Maana yeye aliijua saa hiyo ya mwilini. Siku ile ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Jumanne mtoto aliamka na homa, baba yake akabaki naye nyumbani, na bibi akaona sheria ya mlangoni haikuwa imewafikiria wajukuu wenye homa. Saa tano na dakika kumi simu ikatetemeka. Video: mjukuu anaachia kiti, anapiga hatua moja, mbili, tatu, nne, anakaa chini kwa kishindo. Chini yake mwanawe ameandika: Usimwambie mama yake, nataka ajionee jioni. Bibi akaitazama. Akaitazama tena, na tena, mpaka alipozinduka chumba kizima ni cha buluu, na kitambaa upande wa chupa ya tatu, alichokifunua ili avute maji, kimeachwa wazi nusu. Akafunika haraka. Kimwanga kidogo tu, akajiambia.

Jioni ile mtoto aligoma. Alitembea Jumatano, mbele ya mama yake, na Daktari akaizungushia tarehe duara kwenye kalenda ya jikoni: HATUA ZA KWANZA.

"Mashine yangu haina wazimu," alisema Bwana Mashine, mtunza mashine ya kuhesabia, akivuta kiti mbele ya ile sahani isiyoliwa. "Chupa moja kuruka peke yake. Wewe uliona nini mle?"

"Niliona giza."

"Giza halionekani, Mama Chujio." Akamtazama vizuri. "Kama kuna neno, nisingizie mimi. Tuseme mashine ilikohoa."

Lilikuwa jambo la huruma, na Mama Chujio alilionja kwa muda. "Ikikohoa leo," akasema mwishowe, "kesho ikipumua nani ataiamini?" Akainuka.

Daktari alikuwa ofisini kwake, anaandika taarifa.

"Daktari, nina neno la kazi. Lina kipande cha nyumbani."

"Anza na la kazi."

"Chupa ya tatu haina saa. Ilipigwa na mwanga wa simu. Simu yangu."

Kalamu ikasimama.

"Na cha nyumbani?"

Mama Chujio akamwambia yote, hadi kile kishindo. Alijua anamnyang'anya vitu viwili kwa mkono mmoja, ugunduzi na zile hatua za kwanza, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake.

"Kwa hiyo si Jumatano," Daktari akasema polepole.

"Jumanne. Saa tano na dakika kumi."

Daktari aliugeukia mchoro wa majibu, akakiangalia kile kilima cha chupa ya tatu muda mrefu. Kisha akaandika pembeni: mwanga wa simu, haihesabiwi.

"Alipiga ngapi?"

"Nne."

"Nionyeshe, Mama."

Mama Chujio alisikia neno lile limevuka kizingiti. "Simu nimeiacha nje," akasema. "Tangu Jumanne naitundika kwenye msumari, mlangoni pa chumba cha giza."

Wakatoka. Waliitazama ile video wamesimama mlangoni, chini ya ile karatasi ya wino mwekundu, mara tatu, na mara ya tatu Daktari alicheka huku akifuta macho kwa mkono wa koti.

"Ile kalenda, mwanangu, tuirekebishe?"

"Iache. Baba yake alitaka nishangae, na nilishangaa. Nyumbani tunaruhusiwa kukosea siku moja." Akaitundika simu yake kwenye msumari uleule. "Hapa haturuhusiwi. Jumatatu tunaanza upya, Fundi. Osha chupa ya tatu."

"Nishaiosha, Daktari."