Jina Nililoliruka

Bustani ya mashujaa ilitakiwa iishe kabla ya mvua, na bahari haikutusaidia. Tulipanda nyasi mara tatu, chumvi ikaziua mara tatu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchonga majina ya waliokufa vitani kwenye ukuta wa mawe, na kufikia mwezi wa tatu vidole vyangu havikuweza hata kufunga kifungo cha blauzi.

Jina moja nililiruka kila siku: la kaka yangu. Alipotea vitani miaka kumi na moja iliyopita, maiti haikuonekana, na mama bado alimpakulia chakula kila jioni. Jina la aliyepotea halichongwi mpaka ndugu asaini fomu ya kukubali kwamba amekufa. Na la kaka lilikuwa tayari kwenye orodha. Nani kasaini? Sikuhitaji kupiga ramli. Mke wa kaka alikuwa amepata mchumba. Nikampigia simu, nikamtolea ya moyoni yote, na mengine yasiyosemeka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi, kamuulize mama," akasema, akakata.

Sikumuuliza. Nani angethubutu?

Siku moja kabla ya ufunguzi, msimamizi akanijia. "Dada, limebaki moja tu. Unangoja nini?"

Kabla sijajibu, nikamwona mama anakuja, viatu mkononi, anahema. Nikaificha orodha nyuma ya mgongo.

"Acha kuficha," akasema. "Fomu nilisaini mimi."

"Wewe, mama?"

"Ulidhani nani? Yule mtoto wa watu nimemfunga miaka yote hii kwa sahani moja. Kila jioni napakua, kila asubuhi namwagia kuku. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kabisa."

Aibu ilinishika, nikakosa pa kuweka uso. Nilikuwa nimemtukana wifi bure, na mama alikuwa ameubeba uamuzi ule peke yake.

"Atakaa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha nafasi aliyopangiwa, juu, mstari wa pili. Mama akanyoosha mkono, akasimama kwa ncha za vidole. Hakufika.

"Huko simfikii. Mweke chini, nikikaa nimshike."

Majina yalikuwa na mpangilio wake, na msimamizi alikuwa anatutazama. Nikapiga magoti, nikaweka tindo chini ya majina yote. Mama akaketi mchangani kando yangu. Herufi ya kwanza haijaisha, tayari alikuwa ameiwekea kidole.