Komeo la Ndani

Wilhelmina alikuwa na ufunguo, na mwenye ufunguo haombi heshima, huletewa. Ulikuwa ufunguo wa stoo ya msiba. Humo kikundi cha kuzikana cha mtaa wao, kule juu kwenye mawe ya Igogo, kilihifadhi turubai moja kubwa, viti sitini vya plastiki, masufuria manne na mapipa mawili ya maji. Mtu akifiwa, hata kabla hajawapigia simu ndugu zake wa Buswelu au Buhongwa, alipanda kwanza hadi kwa Wilhelmina, ambaye mtaa ulimwita Mama Venant. Naye Mama Venant alivaa miwani, akafungua daftari la mahudhurio, akatazama kama mfiwa amekuwa akiwazika wenzake. Akiridhika, alifungua stoo.

Sheria yenyewe hakuitunga yeye, aliikuta. Asiyewazika wenzake, siku yake wenzake hawaonekani. Lakini kila sheria humpata mtu wa kuipenda, na hii ilimpata Wilhelmina.

Jina la jirani yake, Mzee Machibya, alilikata daftarini kwa mkono wake mwenyewe.

Walitenganishwa na ukuta mmoja tu, maana nyumba zao zilijengwa na fundi aliyetaka kuokoa tofali. Miaka mitatu iliyopita mume wake Wilhelmina, marehemu Revocatus, aliyekuwa karani wa kiwanda cha pamba, alianguka mezani kwa presha akiwa na kijiko mkononi. Mtaa mzima ulihamia kwake. Wanaume walikesha, wanawake walipika, na mapipa ya maji yalikutwa yamejaa kila alfajiri, mpaka Wilhelmina akawashukuru vijana wa kigango mbele ya watu na kuwapa soda. Vijana walizinywa soda zao bila kusema neno.

Mlango mmoja tu haukufunguka siku zote tatu za matanga, nao ulikuwa ule wa upande wa pili wa ukuta. Siku ya nne Mzee Machibya alikutana naye kwenye njia ya mawe, akasema, "Pole sana, Mama Venant," huku anatazama viatu vyake. Basi. Miaka kumi na tisa ya ujirani, ya kuombana chumvi na kuazimana shoka, ikaishia kwenye pole ya njiani. Wilhelmina aliumia, aliumia kwelikweli, na tangu siku hiyo hakumwamkia tena shikamoo. Alimwambia "Habari," kama anavyoambiwa mpita njia.

Mtaa nao haukukosa maneno. Mke wa Machibya, bibi Ng'washi, hakuonekana tangu miaka sita nyuma. Mzee alisema amerudi kwao Misungwi kumuuguza mama yake, na watu walihesabu umri wa huyo mama wakacheka. Mzee alikuwa fundi wa redio, akifanya kazi kibarazani kwake, hatoki ila kwenda bombani na sokoni, na mlango nyuma yake kaufunga. Madirisha aliyaziba kwa magunia. Halafu alionekana akinunua mafuta ya nywele, na kanga, na unga wa uji laini kama wa mtoto. Wapo waliosema ameingia dini isiyozika. Wilhelmina alikuwa na lake, na lake ndilo lililopendwa zaidi, maana yeye alikuwa na ukuta. Alishasikia sauti ya mwanamke ikiimba mle ndani.

"Kaficha kimwana," aliwaambia wenzake bombani. "Mzee mzima, mvi mpaka masikioni, kaficha kimwana!"

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika.

Sasa, Jumanne moja ya masika, saa tatu asubuhi, mvua imeshaanza kudondoka, Mzee Machibya alipiga hodi mlangoni kwa Wilhelmina. Alikuwa amevaa koti, na koti lilikuwa limelowa mabegani.

"Mama Venant, nimefiwa."

"Na nani?"

"Na mwenzangu. Ng'washi."

"Pole. Amefia Misungwi?"

"Amefia hapa ndani," akasema, akaonyesha ule ukuta.

Wilhelmina alimtazama. Kama kuna kitu asichokipenda ni kufanywa mjinga asubuhi. Mwanamke wa Misungwi afie Igogo, ameingia lini, amepitia wapi?

"Siombi watu," mzee akaendelea. "Najua daftari linavyosema. Naomba turubai tu, kwa ajili ya hii mvua. Na akina mama wawili waje wamwoshe. Nimemwogesha mwenyewe siku zote hizi, lakini kwa leo si kazi ya mwanamume."

"Nitawauliza wenzangu," Wilhelmina akajibu, akitoa lile jibu alilolitunza miaka mitatu. "Maana na mimi nilifiwa, Mzee Machibya. Ukuta ni huohuo."

Mzee alirekebisha koti lake lililolowa. Akashukuru, akaondoka.

Wilhelmina alichukua simu, akaandika kwenye kundi la kikundi: *Jirani yangu anadai kafiwa. Anayetaka kwenda aende, ila daftari tunalijua.* Rebeka, katibu wake na shoga yake, alikuwa wa kwanza kuweka kidole gumba. Vidole vikafuatana. Wilhelmina akanywa chai yake, na chai ilikuwa tamu.

Tusimsingizie huruma. Kilichomtoa ndani saa moja baadaye si huruma, ni kutaka kujua. Alijitanda kanga, akavuka, akamwona yule kimwana aliyemtafuta miaka yote.

Alikuwa Ng'washi. Alilala kwenye kitanda kilichosogezwa hadi kwenye ukuta wao, mdogo kama binti wa shule, ngozi imepakwa mafuta, kucha zimekatwa, na shuka jeupe limemfunika hadi kidevuni. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Nywele zake nyeupe zilisukwa mistari iliyopinda, mingine minene, mingine myembamba, kazi ya mtu asiyejua kusuka.

"Nani alimsuka?" Wilhelmina aliuliza, maana ndilo swali pekee lililomtoka.

"Mimi. Alikuwa anapenda kushikwa kichwa. Ukimsuka anatulia, anaimba."

Ndipo Wilhelmina alipoliona komeo. Gongo la mti mzito, limepitishwa kwenye vyuma viwili, upande wa ndani wa mlango, juu kabisa ambako mwanamke mfupi hafiki.

Mzee Machibya akaketi kwenye kigoda na kumweleza, bila kupandisha sauti. Akili ya Ng'washi ilianza kumtoka taratibu. Alisahau chumvi, akasahau njia ya sokoni, akasahau jina la mumewe. Hospitali walisema ni ugonjwa wa ubongo wa uzeeni, hauna dawa. Halafu akaanza kuamka alfajiri, anavua nguo zote, anatoka kutafuta nyumba ya mama yake. Siku ya kwanza mzee alimkuta uani kwa Wilhelmina, uchi kama alivyozaliwa, ameshika pipa la maji anaongea nalo. Alimrudisha haraka kabla watu hawajaamka.

"Mungu wangu," Wilhelmina alisema. "Mzee Machibya, kwa nini hukuniambia? Ukuta huu mmoja!"

Mzee alilinyoosha shuka la Ng'washi.

"Asubuhi ileile nilikuja bombani. Wewe ulikuwa unawasimulia wenzako kwamba umekuta nyayo za mtu kwenye tope la uani kwako, zimezunguka pipa. Ukasema kuna bibi kizee anawanga kwako. Ukasema ukimkamata unawaita vijana waje na mafuta ya taa, asionekane tena. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma kwenye foleni, na ndoo yangu."

Wilhelmina alitafuta pa kukaa, hakuona.

"Dada yake Ng'washi walimkata mapanga huko kijijini," mzee akasema, "kwa sababu ya macho mekundu. Moshi wa kuni ule. Mimi ndiye niliyemwokota. Basi siku hiyo, nilipotoka bombani, nikaweka komeo."

Wilhelmina alijaribu kukumbuka, na kwanza hakukumbuka. Lilikuwa neno la bombani, la kuchekesha foleni, na maneno kama hayo alisema kumi kwa siku. Halafu likaja lote, mpaka jinsi alivyoigiza mwendo wa yule bibi, ameinamisha mgongo, huku Rebeka akijishika mbavu.

"Na msiba wa Revocatus?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ningemwacha na nani? Akiona giza na hanioni alikuwa anapiga mayowe. Nilitoka alfajiri tu, akiwa usingizini. Nikajaza mapipa yenu. Zaidi ya hapo sikuweza, Mama Venant. Unanisamehe?"

Zile soda zilimjia Wilhelmina machoni, moja moja.

Alipotaka kutoka mbio kwenda kuwaita watu, mzee alimshika pindo la kanga. "Ninakuomba jambo moja. Usiwaambie alivyokuwa. Usiwaambie alikuwa anatoka uchi. Watasema kumbe mchawi alikuwa huyu, wakafunga hesabu. Waambie aliumwa presha."

"Nakuahidi," alisema Wilhelmina.

Ahadi hiyo ilimgharimu kabla jua halijageuka. Aliandika kwenye kundi: *Ni kweli amefiwa. Njooni wote. Nilikosea.* Hakuna kidole kilichojibu. Akapiga simu, zikaita mpaka zikakatika. Akateremka mwenyewe kwenye mvua hadi kwa Rebeka, akamkuta anachambua mchele.

"Dada, si wewe uliyetuandikia asubuhi?" Rebeka alisema, na hakuwa na ubaya, alishangaa tu. "Sisi tumefuata daftari. Leo kwake limebadilika nini?"

"Alikuwa anauguza. Mkewe alikuwa humo ndani, mgonjwa."

"Miaka sita? Aliumwa nini cha kufichwa miaka sita?"

Wilhelmina alikuwa na maneno yote mdomoni. Angesema yale mawili matatu tu, ugonjwa wa ubongo na alfajiri, na huenda Rebeka angelia na kuvaa kanga. Lakini alimjua Rebeka. Alijua pia kwamba hadi jioni nyayo za kwenye tope zingepata mwenyewe, na Ng'washi angezikwa kama mchawi.

"Presha," akasema.

"Presha haifungiwi mlango," akajibu Rebeka, akarudi kwenye mchele wake. "Kama yeye hataki tujue, na sisi hatujui."

Wilhelmina alimwosha Ng'washi peke yake, mzee akimshikia beseni huku uso ameugeuza ukutani. Kisha alifungua stoo. Turubai lile hubebwa na wanaume wanne, naye alilikokota juu ya mawe kwa hatua, akipumzika, akilia, akimtukana yeye mwenyewe kwa Kikerewe, lugha aliyoiweka kwa ajili ya mambo mazito. Alilifunga kwenye miti na kwenye nondo za dirisha lake. Halafu alitoa viti, vyote sitini, kimoja kimoja, akavipanga kwa mistari kama kawaida. Kwa nini vyote, hakujua. Alishindwa tu kupanga vichache.

Walikaa wawili. Mvua iligonga turubai mchana kutwa, na watu walipita njiani na miavuli yao, wakatazama viti vile, wakaharakisha. Kesho yake alikuja mwinjilisti mmoja mwenye haraka, na vijana wanne waliotafutwa sokoni kuchimba na kubeba. Sala ilikuwa fupi. Mwinjilisti aliuliza kama kuna wa kusoma wasifu wa marehemu, na Machibya akatikisa kichwa, na Wilhelmina, anayesoma wasifu wa kila maiti wa mtaa ule, akatazama chini.

Alfajiri ya tatu, pipa la nyumba ya msiba lilikuwa tupu. Wilhelmina alichukua ndoo mbili akateremka bombani. Foleni ilikuwepo, na soga ilikuwepo, ikakatika alipofika. Aliwaamkia, wakaitikia. Kisha sauti ya Rebeka ikatoka nyuma, ya utani, ileile aliyojifunza kwa Wilhelmina:

"Jamani, ndoo mbili! Kumbe kile kimwana cha Mzee Machibya tulichokitafuta miaka yote ni Mama Venant wetu!"

Walicheka, wote, mpaka mwanamke wa mbele akamwaga maji yake.

Angeweza kuwanyamazisha. Neno moja la kweli lingekizima kile kicheko. Lilimfika kwenye ulimi, akalimeza, akakinga ndoo zake, akajitwika moja, akashika ya pili mkononi, akaanza kupanda mawe.

Alijaza pipa la jirani kwa safari nne. Safari ya mwisho mlango ulifunguka kidogo, Mzee Machibya akachungulia.

"Shikamoo, mzee," alisema Wilhelmina, kwa mara ya kwanza tangu Revocatus afe.

"Marahaba. Umeamka salama?"

"Nimeamka. Maji hayo."

"Asante, mama."

Alingoja, labda angekaribishwa. Mzee alitazama njia nyuma yake, upande wa bombani, ambako bado walikuwa wanacheka, akarudisha mlango polepole. Hakuwa na mtu wa kumlinda tena mle ndani. Lakini Wilhelmina, amesimama na ndoo tupu, alisikia gongo likipandishwa, likipitishwa kwenye chuma cha kwanza, kisha kwenye cha pili.